Mkwaju, Ritifaa na Mfumo Huria: Kompyuta Ndogo za Linux na Maandishi ya Lugha za Mbulu na Hanang

I. Makusudi ya Makala

Msomaji wa jarida hili huenda akastaajabu kukuta katika kurasa zake makala yenye kueleza habari za mitambo. Tangu ilipoundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki mwaka 1930, kazi iliyorithiwa na taasisi yetu imekuwa kusanifisha tahajia, kukusanya msamiati na kutunza maandishi. Lakini siku hizi maandishi hayatunzwi kwa wino na karatasi peke yake. Mtafiti aendaye Dongobesh au Katesh kurekodi masimulizi ya wazee hurudi na sauti zilizohifadhiwa katika kadi isiyozidi ukucha wa kidole gumba, na kadi hiyo husomwa na kompyuta yenye sheria zake za kuandika. Sheria hizo hazikutungwa na wanaisimu, wala waliozitunga hawakuwa na habari za lugha za Mbulu. Hata hivyo zinagusa herufi za lugha hizo moja kwa moja.

Makusudi ya makala haya ni mawili. Kwanza, kueleza kwa lugha nyepesi jinsi mfumo huria wa uendeshaji, yaani Linux, unavyofanya kazi ndani ya kompyuta ndogo zilizopachikwa. Pili, kuonyesha mahali ambapo alama za mfumo huo zinagongana na herufi za Kiiraqw, za Kihadza, na hata za Kiswahili chenyewe, na kupendekeza njia ya kuepa mgongano huo pasipo kuwataka wenye lugha wabadili maandishi yao.

II. Kompyuta Iliyopachikwa

Kupachika ni kuingiza kitu ndani ya kingine kikakaa humo. Kompyuta iliyopachikwa, basi, ni ile iliyowekwa ndani ya chombo kingine ili kukiongoza, na mara nyingi mwenye chombo hajui kwamba imo. Mita ya umeme wa kulipia kabla inayo. Chombo cha kugawa intaneti nyumbani kinayo. Na simu za mkononi zenye mfumo wa Android zimejengwa juu ya kiini cha Linux. Kwa hiyo kijana wa Hanang aliyeshika simu hiyo amekwisha kuwa mtumiaji wa Linux, ajue asijue.

Moyo wa vyombo hivi ni prosesa. Zilizo nyingi ni za jamii ya ARM, ambayo chipu yake ya kwanza ilitengenezwa na kampuni ya Acorn ya Cambridge, Uingereza, mwaka 1985. Sifa yake kubwa ni kutumia umeme kidogo. Mwezi Februari mwaka 2012 ilitolewa kompyuta iitwayo Raspberry Pi, yenye prosesa ya aina hiyo, ukubwa wake ukikaribia ule wa kadi ya benki, kwa bei ya dola 35 za Kimarekani. Ile ya kwanza ilihitaji umeme wa wati tatu na nusu hivi. Matoleo yaliyofuata yana nguvu zaidi na hula umeme zaidi, lakini bado yaweza kuendeshwa kwa betri na paneli ya jua.

Jambo hili lina maana kubwa katika vijiji visivyofikiwa na nyaya za umeme. Katika Karatu, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbulu, shirika la Powering Potential liliweka katika shule za sekondari kompyuta za Raspberry Pi zinazotumia umeme wa jua, pamoja na maktaba iitwayo RACHEL, inayosomwa pasipo intaneti. Chombo kinachoweza kuwa maktaba ya shule chaweza pia kuwa ghala la lugha. Tukihesabu sauti ya njia moja iliyorekodiwa kwa kipimo cha kawaida cha sampuli 44,100 kwa sekunde, zenye biti 16 kila moja, saa moja ya mazungumzo huchukua megabaiti 318 hivi. Kadi ya gigabaiti 32, baada ya kuutengea mfumo nafasi yake, itahifadhi zaidi ya saa 80 za masimulizi.

III. Jinsi Kompyuta Hii Inavyoamka

Yafaa tueleze kwa ufupi jinsi mfumo unavyopanda ndani ya chombo, maana ndipo tutakapoona kadi moja ina vyumba viwili vyenye sheria mbalimbali.

Kadi hiyo imegawanywa sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ndogo, nayo imepangwa kwa utaratibu wa zamani uitwao FAT. Sehemu ya pili ni kubwa, imepangwa kwa utaratibu wa Linux uitwao ext4. Umeme unapoingia, maagizo machache yaliyochongwa ndani ya chipu yenyewe huanza kazi. Katika matoleo ya kwanza ya Raspberry Pi maagizo hayo hufungua sehemu ya FAT, husoma faili za kuanzishia pamoja na faili ya mipangilio, kisha hupakia kiini cha Linux katika kumbukumbu na kukikabidhi usukani.

Hapa lipo jambo la kuangaliwa. Kompyuta kubwa ya mezani huwa na njia ya kukiambia kiini ni vifaa gani vilivyomo ndani yake. Kompyuta nyingi za ARM hazina njia hiyo. Kwa sababu hiyo kiini hupewa maelezo yaliyoandikwa kando, yaitwayo mti wa vifaa, yanayotaja kila kiungo, anwani yake na uhusiano wake na viungo vingine. Mwanaisimu aweza kuyafananisha na sarufi: kiini ni msemaji hodari, lakini hawezi kutunga sentensi katika chombo asichopewa muundo wake. Baada ya kuusoma mti huo, kiini hufungua sehemu ya ext4 na kuanzisha programu ya kwanza, nayo huanzisha nyingine zote.

Sheria za vyumba hivi viwili hazilingani. Katika ext4 herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili mbalimbali, na jina la faili laweza kuwa na karibu alama yoyote. Katika FAT herufi kubwa na ndogo huhesabiwa kuwa moja, na alama kadhaa zimekatazwa kabisa katika majina: nukta mbili, nyota, alama ya kuuliza, mkwaju wa kila upande, alama za kunukuu, mabano ya pembe na mstari wima. Kwa kuwa vijiti vingi vya kuhamishia faili hupangwa kwa FAT au kwa ndugu yake exFAT, sheria hizi humfuata mtafiti hata anapotoka nje ya kadi yake.

IV. Maana ya Neno Huria

Linux ilitangazwa mwezi Agosti mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Mwaka uliofuata aliiweka chini ya leseni ya GPL iliyotokana na mradi wa GNU, ambao Richard Stallman aliutangaza mwaka 1983. Leseni hiyo humruhusu kila mtu kuendesha programu, kusoma msimbo wake wa asili, kuubadili na kuugawa, kwa sharti kwamba naye akiigawa awape wengine ruhusa ile ile.

Kiswahili kimeuita utaratibu huu huria, na neno hili lahitaji ufafanuzi. Wengi hudhani maana yake ni bure, kwa sababu programu hizi kwa kawaida hupatikana pasipo malipo. Sivyo. Neno huria tunalo katika soko huria na katika elimu huria, na kote huko lahusu kutokufungwa na mipaka. Habari ya bei haimo. Kitu cha bure chaweza kufichwa ndani yake. Programu huria ni ile ambayo maandishi yake yako wazi kwa msomaji. Kwa mwanaisimu tofauti hii si ndogo. Mfumo uliofungwa ni kama lugha tunayoijua kwa matokeo yake tu; mfumo huria ni lugha ambayo mkusanyo wake wote umewekwa mezani.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki mapema katika jambo hili. Katika miaka ya 2004 na 2005 mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na chuo hicho pamoja na wataalamu wa IT+46 kutoka Sweden, ulitafsiri programu za ofisi kwa Kiswahili na kuzitoa kwa jina la Jambo OpenOffice. Jina la mradi huo linastahili kuangaliwa. Kiambishi ki- kiliifanya Linux iingie katika ngeli ya lugha, sawasawa na Kiswahili na Kiiraqw. Waliobuni jina hilo, kwa makusudi au kwa bahati, walisema kweli: mfumo wa uendeshaji una alama zake, mpangilio wake na makatazo yake. Yaliyobaki ni kuuliza makatazo hayo yanawafanyia nini watu ambao lugha zao zinatumia alama zile zile kwa kazi nyingine.

V. Lugha za Mbulu na Hanang na Herufi Zake

Nchi ya Mbulu na Hanang inajulikana kwa wataalamu kuwa mahali ambapo lugha za asili mbalimbali zimekutana. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, nayo husemwa na mamia ya maelfu ya watu. Kidatoga, ambacho Wabarbaig wa Hanang ni miongoni mwa wasemaji wake, ni lugha ya Kinailoti. Kihadza husemwa na watu wapatao elfu moja kandokando ya Ziwa Eyasi na katika bonde la Yaeda, na sehemu ya bonde hilo imo katika wilaya ya Mbulu. Zamani kiliwekwa pamoja na lugha za Khoisan. Sasa wataalamu wengi wanakihesabu kuwa lugha iliyo peke yake, isiyo na ndugu anayejulikana. Na juu ya hizo zote kipo Kiswahili, pamoja na lugha nyingine za Kibantu za majirani.

Kiiraqw kimepata bahati ya kuchunguzwa. W. H. Whiteley, ambaye pia alifanya kazi na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, alichapisha maelezo yake mafupi juu ya lugha hiyo mwaka 1958. Maarten Mous alitoa sarufi kamili mwaka 1993, na mwaka 2002 ikatoka kamusi ya Kiiraqw na Kiingereza iliyoandikwa na Mous pamoja na Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Roland Kießling. Katika tahajia inayotumiwa na vitabu hivi, herufi mbili hh huonyesha kikwamizo sighuna cha koromeo, kama katika hhawaata, yaani mwanamume. Sl huonyesha kikwamizo cha pembeni mwa ulimi, kama katika slee, yaani ng'ombe. Na ritifaa huonyesha mfungo wa glota, kama katika do', yaani nyumba. Sauti inayolingana na ʿayn ya Kiarabu, kikwamizo ghuna cha koromeo, huandikwa kwa alama ya mkwaju. Mwanamke huitwa /ameeni, na mkwaju huo wa mwanzo ni konsonanti kamili, sawa na b au m.

Uteuzi huu una busara yake. Mkwaju upo tayari katika mashine ya taipu na katika kibodi ya kila kompyuta, nao haukuwa na kazi nyingine katika tahajia ya Kiiraqw. Mwalimu wa Mbulu hahitaji chombo maalumu ili kuandika lugha yake. Hali kadhalika wanaoandika vidoko vya Kihadza kwa njia ya kitaalamu hutumia herufi zifananazo na mstari wima na alama ya mshangao, na wanapokosa herufi zenyewe hushika zile zilizo karibu katika kibodi.

VI. Mkwaju Ndani ya Kiini

Katika Linux, kama ilivyokuwa katika Unix iliyoanza mwaka 1969, mkwaju ndio alama inayotenga folda na kilichomo ndani yake. Mkwaju ulio peke yake ni jina la shina la mfumo mzima. Jina la faili laweza kuwa na baiti yoyote isipokuwa mbili: ile ya namba 0, inayoonyesha mwisho wa jina, na ile ya namba 47, ambayo ndiyo mkwaju. Katazo hili limo ndani ya kiini chenyewe. Halikuwekwa na programu hii au ile.

Tuangalie linalotokea. Tuseme mtafiti amerekodi neno la Kiiraqw lenye maana ya mwanamke, naye anataka kuiita faili yake kwa neno lenyewe, /ameeni, na kuongeza kiambishi cha faili za sauti. Mfumo hautamwambia kwamba herufi hiyo imekatazwa. Utaelewa kwamba ametaja faili iitwayo ameeni iliyo katika shina la mfumo. Akiwa mtumiaji wa kawaida atakataliwa kwa maelezo kwamba hana ruhusa, na huenda asijue sababu. Akiwa na mamlaka ya msimamizi, kama ilivyo mara nyingi katika kompyuta ndogo zinazotengenezwa na mtu mmoja, faili itaandikwa pasipo onyo lolote: si mahali alipokusudia, na jina lake limepoteza konsonanti ya kwanza. Mkwaju ukiwa katikati ya neno, mfumo utatafuta folda yenye jina la nusu ya kwanza na kusema haipo. Nazo baadhi ya programu zenye madirisha humkinga mtumiaji kwa kuukataa mkwaju au kuubadili kuwa alama nyingine, na hivyo jina la faili halilingani tena na neno lenyewe.

Je, kwa kuwa mfumo ni huria, hatuwezi kuubadili? Ruhusa tunayo, lakini ingekuwa kazi ya hasara. Kila programu iliyoandikwa kwa Linux hutegemea mkwaju kuwa kitenganishi, na kompyuta iliyobadilishwa isingeweza kusoma programu za wenzake. Hapa ndipo tunapoona mpaka wa uhuria: humpa mtu mmoja haki ya kusoma sheria na kuiandika upya, lakini sheria iliyokubaliwa na wengi haibadiliki kwa kalamu ya mtu mmoja. Jambo hili halitakuwa geni kwa wanaojua historia ya tahajia sanifu.

Mkwaju huu huu uliwahi kuamua jinsi herufi za dunia nzima zitakavyoandikwa katika kompyuta. Katika mwanzo wa miaka ya 1990 kulikuwa na utaratibu ulioitwa UTF-1, ambamo herufi moja ya kigeni iliweza kuandikwa kwa baiti kadhaa, na mojawapo ya baiti hizo iliweza kuwa ile ya namba 47. Mfumo wa Unix ungeikuta ungedhani jina limekatika. Mwezi Septemba mwaka 1992 Ken Thompson na Rob Pike walibuni utaratibu mwingine, ambao sasa unaitwa UTF-8. Ndani yake herufi yoyote iliyo nje ya zile 128 za msingi huandikwa kwa baiti ambazo zote zina namba kuanzia 128 kwenda juu, hivyo mkwaju hauwezi kujificha ndani ya herufi nyingine. Kwa mfano herufi ʕ ya alfabeti ya kifonetiki, inayoonyesha sauti ile ile ya /ameeni, huandikwa kwa baiti mbili, 202 na 149. Yaweza kutumiwa katika jina la faili pasipo madhara yoyote.

VII. Vidoko, Ritifaa na Programu ya Amri

Tofauti na mkwaju, alama nyingine hazikatazwi na kiini cha Linux. Hugongana na programu ambayo mtumiaji huiandikia amri zake, nayo huzipa maana ya pekee.

Mstari wima katika programu hiyo ni bomba: matokeo ya amri iliyo kushoto humiminwa katika amri iliyo kulia. Neno la Kihadza lililoandikwa kwa mstari wima wa kibodi litakatwa vipande viwili, na kila kipande kitadhaniwa kuwa amri. Alama ya mshangao ikifuatwa na herufi huita tena amri iliyotangulia yenye mwanzo huo. Mtu aweza kuzikinga alama hizi kwa kuzizungushia ritifaa, lakini jina lenye mstari wima, hata likikubaliwa na ext4, halitaweza kunakiliwa katika kijiti chenye FAT. Mtafiti ataligundua siku ya kuhamisha kazi yake, pengine akiwa mbali na Yaeda.

Herufi halisi za vidoko zimo katika Unicode: ǀ ni U+01C0, ǁ ni U+01C1, ǂ ni U+01C2, na ǃ ni U+01C3. Kwa macho hazitofautiani sana na alama za kibodi, lakini kwa kompyuta hizi ni herufi na zile ni alama za uakifishaji. Tofauti hiyo huonekana katika utafutaji. Mtu anapoiamuru kompyuta imtafutie neno zima, programu huhesabu kwamba neno huishia palipo na alama isiyo herufi. Kwa hiyo akitafuta ameeni ataletewa pia /ameeni, kana kwamba ni neno hilo hilo, na hesabu ya marudio ya maneno itaharibika.

Kiswahili nacho hakikusalimika. Ritifaa ya ng' ni alama ya namba 39, ambayo katika programu ya amri hufungua maneno ya kunukuliwa. Mtu akiandika jina la faili lenye neno ng'ombe pasipo kulikinga, kompyuta itakaa kimya ikingoja ritifaa ya pili ya kufunga. Akitafuta neno zima ombe, ataletewa ng'ombe wote. Na maandishi yaliyopitia programu za ofisi mara nyingi huwa na ritifaa iliyopinda, ambayo kwa kompyuta ni alama nyingine kabisa. Mkusanyo wa matini wenye ritifaa za aina mbili utamhesabia msomaji maneno mawili mahali pa moja.

VIII. Saa na Umeme

Yapo mambo mawili zaidi yahusuyo chombo chenyewe, ambayo mtunzaji wa lugha hana budi kuyajua.

La kwanza ni saa. Raspberry Pi za kwanza, hadi toleo la nne, hazina saa yenye betri ndani yake. Zikiwa na intaneti huuliza saa huko. Zisipokuwa nayo huanza na saa iliyohifadhiwa mara ya mwisho zilipozimwa. Chombo kilichozimwa siku kumi katika bonde la Yaeda kitaamka kikidhani ni siku ile ile kilipolala, na tarehe kitakayoandika juu ya kila rekodi itakuwa ya uongo. Dawa yake ni kuongeza kipande kidogo cha saa chenye betri, au kuitaja tarehe kwa sauti mwanzoni mwa kila rekodi. Njia hii ya pili haigharimu chochote.

La pili ni kukatika kwa umeme. Utaratibu wa ext4 huweka kumbukumbu ya mabadiliko kabla ya kuyatenda, ili umeme ukikatika uweze kurudisha mpangilio wa kadi. Lakini rekodi iliyokuwa ikiandikwa wakati huo yaweza kukatika, na kadi dhaifu yaweza kuharibika kabisa. Kwa chombo cha kusomea tu, kama maktaba ya shule, mfumo waweza kuwekwa katika hali ya kutokuandika kitu kwenye sehemu yake kuu. Kwa chombo cha kurekodia, nakala ya pili katika kadi nyingine ni lazima, nayo ifanywe siku ile ile.

IX. Mapendekezo

Yupo atakayesema kwamba dawa fupi ni kuubadili mwandiko wa Kiiraqw, mkwaju utolewe na iwekwe herufi nyingine. Sikubaliani naye. Tahajia ni mali ya wanaoisoma na kuiandika. Jina la faili ni msumari tu wa kutundikia, na hakuna apunguzaye kanzu yake kwa sababu msumari ni mfupi. Iwapo Wairaqw wenyewe wataona faida ya kubadili, basi iwe kwa sababu zao, na baada ya kushauriana. Isiwe kwa sababu mashine iliyobuniwa ng'ambo iliitwaa alama hiyo kwanza.

Napendekeza basi mambo manne kwa wale wanaotunza lugha katika vyombo hivi.

(a) Majina ya faili yawe ya namba na herufi za msingi tu, na yatanguliwe na alama ya lugha iliyokubaliwa na mataifa: irk kwa Kiiraqw, hts kwa Kihadza, tcc kwa Kidatoga. Neno lenyewe liandikwe ndani ya faili ya orodha, ambako mkwaju haugongani na kitu chochote, maana katazo la kiini lahusu majina wala halihusu yaliyomo.

(b) Orodha hiyo na maandishi yote yawekwe katika UTF-8. Vidoko viandikwe kwa herufi zake halisi. Na ichaguliwe ritifaa ya aina moja, itajwe mwanzoni mwa mkusanyo na ifuatwe hadi mwisho.

(c) Wanaotengeneza programu za kutafuta na kupanga maneno ya Kiiraqw waiagize kompyuta ihesabu mkwaju na ritifaa kuwa herufi. Usipoagizwa, upangaji wa kufuata namba za baiti utayaweka maneno yote yenye mkwaju mbele ya herufi A, kwa kuwa 47 hutangulia 65. Hapa ndipo uhuria unapotufaa kweli kweli: sheria za kupanga herufi za kila lugha zimeandikwa katika faili zilizo wazi, na mtu yeyote aweza kuzitungia nyongeza na kuzipeleka kwa wenzake wazikubali.

(d) Wanaisimu wasiliache jambo hili mikononi mwa mafundi peke yao. Fundi ajua kwamba mkwaju ni kitenganishi. Hajui kwamba ni konsonanti. Mwanaisimu ajua kwamba ni konsonanti. Mara nyingi hajui kwamba ni kitenganishi. Kila mmoja akikaa na nusu yake, faili itaandikwa mahali pasipokusudiwa, na neno litapoteza sauti yake ya kwanza pasipo mtu kuona.

Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitupatia mwaka 2009 Atlasi ya Lugha za Tanzania, ambayo inatuonyesha lugha zilipo. Kazi iliyo mbele yetu ni kuziweka mahali ambapo wajukuu wa wasemaji wataweza kuzisikia na kuzisoma. Kompyuta ndogo yenye mfumo huria yafaa kwa kazi hiyo: bei yake ni nafuu, umeme wake ni wa jua, na sheria zake zinasomeka. Kihadza kina wasemaji elfu moja tu, na sauti ya mzee mmoja ikipotea kwa sababu ya mstari wima uliokataliwa na kijiti, hapana mwingine wa kurekodiwa badala yake.